Masikio Mapya ya Mama na Sauti ya Juu

Mama yangu alisimamia mashine ya kusaga pale Mwanga, mtaa wa mji wetu wa kando ya ziwa, kwa miaka mingi. Mashine hiyo ndiyo iliyonisomesha chuo, na ndiyo iliyomla masikio. Jioni alirudi amejaa unga wa muhogo hadi kwenye nyusi, nasi tukazoea kumwita mara mbili, baadaye mara tatu, mwishoni tukawa tunamgusa bega tu. Niliporudi kutoka Dar es Salaam na shahada yangu ya kufundisha fizikia, nikisubiri kupangiwa shule, niliikuta nyumba nzima inaongea kwa kupayuka na hakuna anayejua kwamba anapayuka. Wapangaji wapya wa nyumba ya jirani walidhani tuna ugomvi wa urithi.

Kitu kimoja mashine haikumnyang'anya: kuanzisha nyimbo. Kwaya ya akina mama ya kanisa letu, wengi wao wa asili ya Kongo kama sisi, haikungoja kinanda. Mama alifumba macho, akavuta pumzi, akatoa neno la kwanza kwa sauti yake nzito, na wote wakaingia juu yake. Mpiga kinanda ndiye aliyemtafuta yeye. Kipimo cha mama kilikaa kooni, kwa hiyo kiliendelea kuwa sawa hata alipoacha kuwasikia wenzake vizuri. Ukitokea ubishi kama wimbo umepanda au umeshuka, walimgeukia. Akisema umeshuka, umeshuka.

Pembeni yake alisimama mwanamke niliyemwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Alivuka ziwa wakati wa vita vya kwao, akapokelewa na jamaa zake wa Ujiji, na Jumapili yake ya kwanza kanisani alikaa karibu na mama kwa sababu palikuwa na nafasi. Wanakwaya walipenda kusema ni Mungu aliyewakutanisha. Mimi niliona ni benchi, nikasema hivyo, na mama akaniambia niende nikachote maji. Mama mdogo alinunua dagaa ufukweni pale Kibirizi na kuwauza sokoni. Alikuwa na sauti nyembamba, ya juu, iliyonyooka kama uzi uliovutwa, na kazi yake kwenye kwaya iliitwa kuezeka. Wengine walijenga ukuta, yeye akaezeka: mstari ulipokwisha na wote wakavuta pumzi, yeye aliishika sauti ya mwisho kule juu peke yake, bila kuitikisa, mpaka mama alipoanzisha mstari mwingine chini yake. Ndiyo maana nyimbo zetu hazikuwa na pengo hata moja.

Hiyo ndiyo sauti aliyoipoteza mama kwanza. Masikio yaliyoumizwa na kelele huanza kufia juu. Wanaondoka ndege, inaondoka miluzi ya makondakta, halafu zinafuata sauti nyembamba za wanawake. Ngoma na sauti za wanaume zilibaki. Mama alijifunza kumtazama mama mdogo mdomoni ili ajue bado ameshikilia au ameachia, na kwaya haikugundua kitu. Mimi niligundua kwa sababu zamani alikuwa anafumba macho wimbo mzima.

Kisha ukafika mwaka ambao wakimbizi wa Kongo walianza kurudishwa kwao kwa meli. Mama mdogo alikuwa na ndugu kambini, akaamua kurudi pamoja nao. Siku alipotuambia, mama aliitikia kwa utulivu, akamfungia mawese ya kubeba, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi ndani aliniambia, "Nataka nimsikie akiezeka kabla hajaondoka. Mara moja tu." Kwa kuwa aliamini ananong'ona, mtaa mzima ulisikia.

Wiki chache baadaye hospitali yetu iliyoko mlimani ilitangaza kwamba kuna vifaa vya kusikia, vile ambavyo vitabuni vinaitwa shimesikio na ambavyo kwetu kila mtu aliviita masikio ya mashine. Nilimpeleka mama. Fundi wa masikio alikuwa kijana wa rika langu, mwenye kompyuta ndogo na subira kubwa. Alimjaza mama masikioni kitu laini kama ugali uliokorogwa vibaya ili apate umbo la kila sikio, akatuita tena wakati plastiki ilipokuwa tayari, akamvalisha, akajiziba mdomo kwa karatasi ili mama asiusome, na kusema maneno: paka, sita, shoka, fisi. Mama akayarudia yote. Fundi akatabasamu kama aliyefunga goli.

"Na muziki?" nikamuuliza.

"Atasikia kila kitu."

Neno "kila kitu" lina tabia ya kunikosesha usingizi, lakini mama alikuwa ameshashika mkono wa fundi na kumwombea baraka.

Siku zile za kwanza zilikuwa tamu. Aligundua kwamba mlango wetu unalia, kwamba mafuta yakichemka yana mazungumzo yake, kwamba mwanawe anaburuta ndala. "Kumbe wewe unatembea hivyo tangu lini? Kama mzee wa baraza." Nyumba ikaacha kupayuka. Tulikaa kibarazani tukaongea kwa sauti za kawaida, na nilishangaa kukuta kwamba mama yangu, akiongea taratibu, ni mchekeshaji.

Jumamosi akaenda mazoezini. Mpiga kinanda alikuwa amekuja mapema, akawa anajipigia sauti ndefu ndefu za kupashia vidole moto. Mama akasimama mlangoni na kukunja uso.

"Kinanda kina nini?"

"Hakina kitu, mama."

"Kinatetemeka. Kama mtu mwenye homa."

Mpiga kinanda akabonyeza tena na kuinamisha kichwa. Wanakwaya wakasogea. Mmoja akasema kweli, kuna kamtetemo. Mwingine akasema yeye amekuwa akikasikia tangu Pasaka, ila aliogopa kusema. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani, na masikio yangu hayajawahi kusimamia mashine yoyote, na sikusikia mtetemo hata kidogo. Nilisema hivyo. Mwenyekiti wa kwaya aliniuliza kwa upole kama chuo kikuu nilisomea kuimba.

Wakakibeba kinanda hadi kwa fundi wa redio sokoni. Akakifungua, akatoa vumbi na mende mmoja mkavu, akakifunga, akasema kizima. Kwenye mazoezi yaliyofuata wale wale waliosikia mtetemo walisifu jinsi kinanda kilivyopona. Walisema ni kuondolewa kwa mende ndiko kulikokiponya. Mama peke yake alitikisa kichwa. Alisema bado kinatetemeka, na safari hii watu walitazamana, maana hawakujua waamini sikio lake au mende wao.

Ningeendelea kucheka kama mambo yangeishia hapo. Wakaanza kuimba. Mama akaanzisha, wengine wakaingia, mstari ukaisha, na mama mdogo akapanda juu na kushika. Nilimtazama mama. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikuwa amefumba macho, akingoja. Nikaona uso wake ukijikunja taratibu. Akafungua macho, akamtazama mwenzake mdomoni, ambako sauti ilikuwa bado inatoka, na akasahau kuanzisha mstari wa pili.

"Dada," akamwambia wimbo ulipoporomoka, "sauti yako imeharibika. Inakatika. Inatetemeka, halafu inazama."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake doa kwenye nguo. Ila huyu alikuwa ndiye mtu ambaye akisema umeshuka, umeshuka. Mama mdogo aliweka mkono kooni.

"Iko inazama?"

"Inazama."

"Basi ni uzee, yaya. Haina neno." Yaya, kwao, ni dada mkubwa.

Tangu siku hiyo akawa anaimba na wale wa katikati, chini chini, amejificha. Mstari ulipokwisha pakawa na pengo. Alikunywa tangawizi, alikunywa asali iliyotoka Kalinzi, akaambiwa atafune vitunguu, akatafuna. Mwishowe alimwambia mama kwamba Jumapili ya kuwaaga wanaorudi Kongo yeye atakaa viti vya nyuma pamoja na wageni. "Sitaki kurudi kwetu na aibu ya kuvunja wimbo wa watu." Mama hakumbishia. Alirudi nyumbani, akavua vifaa, akaviweka kwenye kikombe juu ya kabati, akaenda kupika.

Mimi sikuwa na imani kubwa na mambo mengi, lakini niliamini kwamba kinanda kizima na koo zima haviwezi kuugua ugonjwa mmoja wiki moja. Nilimwuliza mama maswali hadi akanitishia mwiko. Je, ngoma? Ngoma zinakuja kama mtu anapiga kopo, alisema. Gitaa la besi? Halipo, ni kama limebaki nyumbani. Sauti za watu wakiimba maneno? Hizo zipo, nyembamba, ila zipo. "Ni kama mawese yaliyochujwa kupita kiasi," alisema. "Rangi unaiona. Harufu hupati." Na kutetemeka? Kunakuja pale tu sauti moja inapokaa muda mrefu bila neno.

Pale pale nikatoka nje na kupiga mluzi mmoja mrefu mlangoni, baada ya kumwomba avivae vifaa. Akasema natetemeka. Nikaimba "fisi, paka, shoka" kwa sauti ile ile ya juu. Akasema hapo niko sawa, ila sina sauti ya kuimba, nimefanana na baba yangu.

Kumpata mama mdogo aende nasi hospitali haikuwa rahisi. Alidhani nampeleka akachunguzwe koo, akabeba na kadi ya kliniki. Fundi wa masikio alitusikiliza akiwa amekunja mikono. Alisema vifaa ni vizuri, vimepimwa, mama anarudia maneno yote.

"Maneno," nikasema. "Sikuulizi kuhusu maneno. Wewe umeviweka vimfanyie nini akisikia sauti ndefu isiyo na neno?"

Akageukia kompyuta yake. Ninampa sifa yake: hakukasirika, na hakujifanya. Alieleza, akitafuta maneno ya Kiswahili njiani. Kifaa kina kipaza sauti kidogo nyuma ya sikio na spika inayoingia ndani ya sikio. Sauti ikivuja kutoka ndani na kurudi kwenye kipaza sauti, kifaa hupiga mluzi, kama spika za kanisani zikisogezwa karibu na maikrofoni. Ili kisipige, ndani kumewekwa mlinzi. Kazi ya mlinzi ni kusikiliza: ikitokea sauti nyembamba, ya juu, iliyonyooka, isiyobadilika, anajua huo ni mluzi wa kifaa chenyewe, anaupiga vita hadi unakufa.

"Na kama siyo mluzi wa kifaa?"

"Hana namna ya kujua."

Kwa hiyo tulikuwa na mwanamke aliyesifiwa miaka yote kwa kushika sauti nyembamba, ya juu, iliyonyooka, isiyobadilika. Nilijikuta natabasamu kwa hasira. Mlinzi alikuwa amemsikia vizuri kabisa, na ndiyo sababu alikuwa anamuua.

Nilimwomba fundi atufanyie jambo moja. Alikuwa na mpira kama ule wa kusikilizia mapigo ya moyo, ambao mafundi huchomeka kwenye kifaa ili wasikie anachosikia mgonjwa. Kifaa kimoja cha mama kikachomekwa, mama mdogo akawekewa mpira masikioni, na mama akaambiwa aimbe sauti moja ndefu, juu kadiri anavyoweza. Mama akaimba. Haikuwa juu sana, wala nzuri, lakini ilinyooka. Uso wa mama mdogo ukabadilika.

"Inatetemeka," akasema. "Eh, yaya. Inazama kabisa."

"Mimi nimezeeka pia?" mama akauliza. Yeye sikio moja lilikuwa tupu, tukalazimika kurudia kila kitu karibu yake.

"Hapana. Ni hii kitu." Mama mdogo alikigeuza kifaa kwenye kiganja chake kama anayekagua dagaa wenye mchanga. "Ni hii kitu ndiyo iko inaimba mubaya. Na mi nimekula vitunguu vyote vile bule."

Mama alicheka hadi akashika meza. Fundi naye akacheka, kisha akasema anaweza kuweka mpango wa pili ndani ya kifaa, wa kuimbia tu: mlinzi amelala, na sauti kubwa za ngoma hazibanwi sana. Mama atabonyeza kidude nyuma ya sikio kuuchagua. Alitahadharisha kwamba mlinzi akilala, kifaa kinaweza kupiga mluzi kikifunikwa, na kwamba hata hivyo hatapata muziki wa masikio yake ya zamani. Safari hii hakutumia neno "kila kitu". Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Jumapili ya kuwaaga ilifika. Sare ya kwaya ilikuwa kitenge cha kijani chenye maua meupe, na kilemba chake kilifungwa kwa mtindo wa ng'ambo, kinashuka kufunika masikio yote mawili na kufungwa nyuma. Mama aliupenda mtindo huo hata kabla ya vifaa, na baada ya vifaa aliupenda zaidi, kwa sababu vilifichika. Tukiwa uani mwa kanisa akabonyeza kidude, na kilemba chake kikaanza kupiga mluzi.

Ulikuwa mluzi mkali hasa. Mpiga kinanda akageuka kutafuta maikrofoni. Mama akabonyeza tena, mluzi ukafa, na mlinzi akarudi kazini.

"Kivute juu," nikamwambia. "Nguo ndiyo inarudisha sauti."

"Vitaonekana."

"Sasa vikionekana kuna nini?"

"Wewe hujui watu. Watasema mama anayeanzisha nyimbo ni kiziwi."

Nilianza kumjengea hoja, na hoja yangu ilikuwa nzuri, yenye sehemu mbili. Mama mdogo hakungoja sehemu ya kwanza iishe. Alikuwa amekuja amevaa sare yake ya kwaya, hakukusudia tena kukaa nyuma na wageni. Alimgeuza mama mabegani, akafungua kile kilemba, akaanza kukifunga upya juu ya masikio, kwa nguvu, akibana pini mdomoni.

"Waone," akasema kupitia pini. "Mi ninaenda zangu. We ndiyo utabaki unaonwa."

"Unanivuta nywele."

"Zipi? Nyamaza basi."

Mama alibaki na masikio wazi, na nyuma ya kila moja kifaa cha rangi ya kahawia. Wanakwaya walitazama, wengine wakaangalia chini. Mwenyekiti akasema kilemba kimempendeza, kimemfanya aonekane mrefu. Hakuna aliyesema lingine, angalau siyo mbele yangu, na nilikuwa nimesimama karibu makusudi.

Wakaingia. Kinanda kilinyamazishwa kwa wimbo ule, kwa ombi la mama. Akafumba macho, akaanzisha. Nimejaribu tangu siku hiyo kujizuia nisiutie wimbo ule maneno makubwa. Uliimbwa kama siku zote, watu walikuwa wengi, mtoto alilia, joto lilikuwa kali. Mstari wa kwanza ukaisha, wote wakavuta pumzi, na mama mdogo akapanda juu na kushika. Akashika. Mama hakuanzisha mstari wa pili. Mara hii hakusahau, alikuwa anasikiliza, na nilimwona analipeleka sikio lake upande ule kidogo, kama mtu anayesogea karibu na moto. Mama mdogo aliona, akaendelea kushika, jicho lake likianza kumtoka kwa kukosa pumzi, hadi alipomkanyaga mama mguu. Ndipo mstari wa pili ukaanza.

Baada ya ibada tuliteremka pamoja kuelekea sokoni, wao wawili mbele, mimi nyuma na viatu vya mama mdogo mkononi kwa sababu vilimbana. Ziwa lilionekana kwa chini na milima ya kwao ng'ambo ilikuwa wazi, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilisubiri mama aseme neno. Nilidhani atashukuru.

"Unapanda," akasema.

"Nini?"

"Mwishoni. Ukishika sana unapanda juu ya wimbo. Kidogo, lakini unapanda."

Mama mdogo akasimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli akampita kwa shida. "Mi? Napanda? Ni hii kitu tena iko inakudanganya."

"Siyo kifaa. Hapa mlinzi amelala. Ni wewe."

"Miaka yote hii hukusema."

"Miaka yote hii sikukusikia, ningesema nini?"

Wakageuka wote wawili wakanitazama, mimi mwenye fizikia. Na kusema kweli sikujua. Huenda kifaa kilipinda sauti kidogo kwa namna ambayo fundi hakututajia. Huenda mama mdogo alipanda kweli kwa kukosa pumzi. Huenda alikuwa akipanda tangu Jumapili ya kwanza na mama, kwa mapenzi, au kwa kutosikia, aliipandisha kwaya nzima kumfuata. Ingewezekana kupima. Nilikuwa na simu inayorekodi mfukoni, na kinanda kizima kisicho na mende kilikuwa kanisani nyuma yetu. Nilifungua mdomo niseme hivyo.

Hawakuningoja. Mama mdogo alikuwa ameshaweka mkono kiunoni, amevuta pumzi, na kuishika sauti ile pale pale barabarani, peku, mbele ya duka la vitenge, ili athibitishe kwamba hapandi. Fundi cherehani mmoja aliacha kukanyaga. Mama alisogea hadi karibu kabisa na mdomo wake, ameinamisha kichwa, masikio yake mawili wazi.

Sauti ilipokwisha akafikiri.

"Bado unapanda," akasema. "Imba tena."

Naye akaimba tena.